Mhudumu wa mkahawa katika kitabu cha Sartre: ndiye mimi anayesemwa?

Trei_Mkononi

Assalaam alaykum wanajukwaa. Kawaida yangu humu ni kusoma na kupita, lakini hili limenikaa rohoni wiki nzima, na wenzangu kazini nikiwaeleza wananiambia nimechoka, nikalale.

Mie ni mhudumu wa hoteli huku Nungwi, huu mwaka wa 6. Kwetu Konde, Pemba. Wiki iliyopita tulikuwa na mgeni mmoja, bibi wa Kifaransa, mtu mzima, aliyewahi kusomesha falsafa kwao. Kila asubuhi meza ile ile ya ukingoni, kahawa nyeusi, papai, basi. Siku ya tatu namletea kahawa, nimekata kona na trei juu ya vidole vitano kama nilivyozoea, nikainama, nikamimina. Akanitazama, akacheka kidogo, akasema mimi ni mhudumu wa Sartre mtupu. Nikadhani Sartre ni mkahawa. Nikamjibu, hapana bibi, mimi wa hapa hapa.

Ikabidi anieleze. Usiku baada ya shifti nikatafuta mwenyewe kwenye simu. Kumbe Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa wa Kifaransa, katika kitabu chake kikubwa cha 1943 kuhusu kuwako na utupu, kamweka mhudumu wa mkahawa na kumchambua kama samaki. Hatua zake, anasema, zina haraka iliyozidi kidogo. Anainama kwa bidii iliyozidi kidogo. Macho yake yanajali mno alichoagiza mteja. Na trei anaibeba kama mtu anayetembea juu ya kamba: kila mara inataka kuanguka, kila mara anairudisha kwa kijimkono chepesi. Kisha anauliza, huyu anacheza nini? Jibu: anacheza kuwa mhudumu.

Wallahi nilipofika pale pa trei niliutazama mkono wangu.

Hoja yake nimeifahamu hivi. Kidau cha wino ni kidau cha wino, hakina la kuamua. Mtu hawezi kuwa mhudumu kwa namna hiyo, hata avae sare miaka 40. Lakini mtu anapenda kujigeuza kidau, kwa sababu uhuru ni mzigo. Anajiambia "lazima niamke saa kumi na moja alfajiri" kana kwamba si yeye anayechagua kuamka, kana kwamba hawezi kubaki kitandani hata kama atafukuzwa. Huko ndiko kujihadaa.

Saa kumi na moja alfajiri! Kaandika saa yangu yenyewe. Saa hiyo mie niko ufukweni na reki, maana zamu ya kwanza kabla ya kugusa kikombe huondoa mwani na kufuta nyayo za jana, wageni wakute mchanga kama haujakanyagwa tangu dunia iumbwe.

Sasa yanayonisumbua. Beji yangu imeandikwa "Ben". Jina langu la kwetu lina "kh", na siku ya kwanza niliambiwa litawachosha wageni. Ben ana sauti yake, nyembamba kidogo kuliko yangu. Ben husema "hakuna matata" mara thelathini kwa siku, neno ambalo Konde ukilisema watu watakuuliza umeshuka na boti ya lini. Kwetu haina neno, hamna tabu, yamekwisha. Nikiwa Nungwi mie ni Ben. Nikishuka bandarini Mkoani, Pemba, kabla sijafika kwenye gari, mzee yeyote ataniuliza, "We mwana wa nani?" na nikishamtajia baba na babu, basi, amenijua, hana haja ya jina langu mimi.

Baba alifariki mwaka juzi. Ameacha nyumba na mikarafuu. Inasemwa nyumbani kwamba mama anataka nirudi. Kila nikipigiwa simu najibu, mie mtu wa hoteli, mkataba wangu mrefu. Baada ya kusoma yale, jibu hilo limeniingia aibu.

Nikaendelea kusoma, nikaharibu zaidi. Kumbe waliokuja baada ya Sartre, hawa wa usasaleo, wanasema hata huyo mtu huru wa ndani anayejihadaa hayupo. Ukiivua sare unakuta sare nyingine.

Swali langu: kati ya Ben na mwana wa fulani wa Konde, mimi ni yupi? Au hakuna swali hapo, nikalale kweli?

Na nisiache hili. Miaka ya vita Sartre na Simone de Beauvoir walikuwa wakishinda Café de Flore, Paris, wakiandikia pale pale mezani. Sartre alikuwa amekaa. Mwenzangu alikuwa amesimama. Anamtazama, anamwandika, na sijaona popote alipomgeukia akamuuliza, "Na wewe unionaje?"

Dago_Kojani

Bakshishi alikupa ngapi huyo bibi?

Mstaafu_Wete

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimekusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mke wangu akasikia.

Nianze na hasira yako ya mwisho, maana ina haki nusu. Ni kweli aliyekaa ndiye aliyeandika. Lakini hakumchagua mhudumu kwa kumdharau. Palepale anasema muuza duka ana ngoma yake, fundi cherehani ana yake, mnadi ana yake, na sisi wateja ndio tunaoidai. Muuza duka anayeota nyuma ya kaunta humuudhi mnunuzi, anataka awe muuza duka na asiwe zaidi. Angekuja Wete angeongeza mwalimu. Nimesomesha miaka 34. Sauti yangu ya darasani niliiazima kwa mwalimu wangu wa darasa la tano, naye sijui aliiazima kwa nani. Nimestaafu, nimerudisha chaki, ile sauti imegoma kurudi. Juzi nimemwita mjukuu wangu aje kula, akasimama wima akajibu, "Naam mwalimu." Bibi yake alicheka mpaka akamwaga mchuzi.

Sasa niweke sawa jambo moja. Sartre hakusema unawahadaa wageni. Wageni hawahadaiki, wanajua wamelipa. Anasema hatari ni kujihadaa wewe mwenyewe. Mchezo wa Ben hauna kosa ukijua kwamba unacheza. Kosa, kwa hesabu yake, ni lile jibu lako la simu: "mie mtu wa hoteli." Hapo umejigeuza kidau. Na naona umeshajikamata mwenyewe kabla hatujakukamata.

Msingi wa yote aliueleza kwa lugha nyepesi katika mhadhara wake wa Oktoba 1945, pale Paris. Alitoa mfano wa kisu cha kukatia karatasi, mimi watoto niliwapa mbuzi ya nazi. Fundi kabla hajachonga anajua ya nini: watu watakalia, watakuna. Kazi ya mbuzi imetangulia mbuzi. Sartre anasema mtu hakuchongwa hivyo, kwanza anakuwako, ndipo anajifanya vile atakavyokuwa kwa anayoyatenda. Na sababu anaitaja bila kificho: kwake yeye hakuna Fundi. Hapo mimi naye tunaagana, kwa heri na kwa wema. Mimi nasali nikijua nimeumbwa na kwa nini nimeumbwa. Lakini hata mwenye imani hakutolewa mzigo wa kuchagua leo afanye nini. Kila nafsi na kitabu chake.

Tena udhanaishi, yaani hii falsafa ya mtu kuwako kwanza kisha kujichagulia, haukuanza na wasioamini. Søren Kierkegaard, wa Copenhagen, aliyezaliwa 1813 akafa 1855, alikuwa Mkristo wa kuungua, akigombana na kanisa lake mwenyewe. Mwaka 1843 alitoa kitabu kizima juu ya Nabii Ibrahim na kuchinjwa kwa mwana, kwa jina la bandia, "Johannes wa ukimya". (Naye alikuwa na beji, unaona.) Kinachomtetemesha Kierkegaard ni upweke wa Ibrahim. Amri imemjia yeye peke yake, hawezi kumweleza mkewe, hawezi kumweleza mtoto, akieleza atafahamika kuwa muuaji tu. Anapanda mlima kimya. Hapo ndipo Kierkegaard anapomwona mtu binafsi: mtu peke yake mbele ya Mola wake, hakuna mila wala jirani wa kumshika mkono.

Nilipokisoma hicho, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kuna kitu kilinikataa nikakaa nacho siku mbili. Kisha nikakumbuka Surat As-Saffat. Ibrahim wetu hakunyamaza! Anamwambia mwanawe: nimeota nakuchinja, hebu tazama, waonaje? Na mtoto ndiye anayemjibu, babangu, fanya ulivyoamrishwa. Amri ile ile, kisu kile kile, lakini baba kamshauri mwana. Sijui wanafalsafa wanasemaje juu ya hilo, mimi naona hapo mtu ni mmoja na si peke yake.

Turudi kwako. Katika mhadhara ule ule Sartre anasimulia kijana aliyemjia wakati wa vita. Kaka yake kauawa 1940, mama kabaki na yeye tu. Aende Uingereza kujiunga na jeshi la Wafaransa huru, au abaki na mama? Sartre akamjibu: wewe u huru, chagua. Jibu zuri, gumu kama mawe. Lakini mimi mwalimu wa zamani nimebaki na swali la kijinga: mama mwenyewe aliulizwa?

Wewe umeandika "inasemwa nyumbani kwamba mama anataka nirudi". Inasemwa na nani, mwanangu?

Na wahenga wametuachia: mwacha asili ni mtumwa. Uipime.

Dago_Kojani

Mwalimu kamaliza.

Ila niseme na mie, japo huku mtandao unakuja kwa upepo. Tuko dago, kambi ya wavuvi, watu 11, chombo kimoja, mwezi wa pili huu hatujalala nyumbani. Mtu akisema "mimi" mara tatu kwa siku tunampa upo afue maji mpaka imtoke. Lakini usiku mkishalala kwa safu juu ya mchanga, kila mtu kageukia upande wake, kila mtu na lake. Sijui hilo mnaliitaje kwa kitaalamu.

Bakshishi hujajibu.

BintiMasika

Mwalimu, shikamoo. Kaka Trei, pole na kazi. Niko chuoni mwaka wa tatu, nasoma Kiswahili na fasihi, kwa hiyo mtanistahimili. Kwenye Ibrahim nimeguswa, nakubali. Kwenye "mwacha asili ni mtumwa" nagoma.

Asili ya nani, mwalimu? Mimi nilipoolewa niliwekwa ndani. Somo yangu akanisinga siku saba, liwa na manjano na maua, na huku anasinga anafundisha: hivi ndivyo unavyokaa, hivi unavyotembea, hivi unavyoshusha macho mkwe akiingia, kicheko hiki kibaki chumbani. Nilitembezwa mle ndani nikarudishwa, nikatembezwa tena, kwa sababu mwendo wangu ulikuwa "wa skuli". Siku ya saba akanikagua juu mpaka chini akasema, "Haya, sasa umekuwa mwanamke." Nilikuwa na miaka 22! Nilikuwa nani kabla?

Mwaka 1949 Simone de Beauvoir, huyo huyo wa meza ya Café de Flore, aliandika kwamba mwanamke hazaliwi mwanamke, huwa mwanamke. Paris walishtuka. Somo yangu angeuliza wanashtuka nini, kwani wao wanadhani kazi tunayofanya siku saba ni ya nini? Nilimwambia kweli, akanijibu, "Huyo bibi alisingwa?" Sikumjibu.

Kwa hiyo kaka, usidhani Ben ndiye wa kutengenezwa na wa Konde ndiye wa asili. Wote wametengenezwa, tofauti wa Konde alitengenezwa hujapata akili ya kuona.

Sasa hao wa usasaleo waliokuharibia usingizi. Michel Foucault, 1966, anamaliza kitabu kimoja kwa kusema huenda siku moja huyu "mtu" atafutika kama uso uliochorwa mchangani ukingoni mwa bahari. Watu wengi wanamnukuu bila kujua maji ya bamvua yanavyofanya. Wewe unajua, wewe mwenye reki. Hakusema binadamu watakwisha. Alisema ile picha ya mtu kama kitovu cha elimu yote, anayejichunguza na kuchunguzwa, si ya milele. Ilichorwa karne za karibuni tu, na mchanga haukumwahidi mtu.

Kisha 1975, alipoandika juu ya jela, akasema jambo linaloniuma zaidi. Tunadhani nguvu za wakubwa kazi yake ni kumkandamiza mtu aliyekwishakuwako. Yeye anasema zinamzalisha. Mtihani, rejista, faili, foleni, daftari la mahudhurio, hizo ndizo zinazomtoa mtu mmoja kwenye kundi na kumpa namba. Mimi kwenye karatasi zangu nimezaliwa tarehe 1 Januari. Mama anasema nilizaliwa masika, mvua imekata njia, mkunga alikuja kwa miguu matope mpaka magotini. Aliyejaza fomu hakuwa na kisanduku cha masika. Leo nikisema nilizaliwa masika mimi ndiye mwongo, fomu ndiyo mkweli. Yule wa Januari ndiye mwenye cheti na akaunti ya benki, mimi namsindikiza.

"Hakuna matata" yako nayo ina mtu wake: Jean Baudrillard, 1981, nakala isiyo na asili. Mgeni anakuja na Kiswahili chake cha kwenye ndege, sisi tunajifunza kukisema asivunjike moyo, mwisho anakwenda nyumbani ana hakika kakisikia kwa wenyewe. Hapo sina la kuongeza, nawe unakijua kuliko Baudrillard.

Na tusijifanye haya yote yametujia kwa boti. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe aliyapiga kwa Kiswahili muda mrefu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akatoa riwaya mbili fupi ambazo ndani yake huyo "mtu" ukimshika mkononi anabaki mkono. Said Ahmed Mohamed naye, mwandishi mwingine, ni Mpemba wenu, kazaliwa 1947, someni basi mambo ya kwenu kabla hamjaniambia mimi ndiye nimeacha asili.

Mwisho, lile swali la mwalimu, "inasemwa na nani", ni zuri kuliko anavyojua. Martin Heidegger katika kitabu chake cha 1927 anasema sehemu kubwa ya maisha yetu hatuiishi sisi, wanaiishi "watu". Mtu hufurahi kama watu wanavyofurahi, huogopa wanayoogopa watu. Ukiwatafuta hao watu huwaoni, si huyu wala si yule. Wajerumani ilibidi wachukue kijineno kidogo cha sarufi wakigeuze jina. Sisi tunalo tangu zamani, nenda nyumba yoyote Unguja na Pemba: "Watu watasemaje?"

Mstaafu_Wete

Marahaba binti. Nimepigwa na nimepapenda nilipopigwa. Asili ninairudisha kabatini, nitaitazama tena.

Ila huyo Foucault wako nina neno naye. Kama hakuna mtu ila nguvu na faili, niambie mwenye duka akija asubuhi kudai anamgongea nani? Hatosema "enyi nguvu za jamii, sukari kilo mbili mlizokopa Ijumaa". Ataniita kwa jina, na nitatoka mimi, na kama si mimi basi mtu aliyefanana nami sana. Siku ya hesabu kubwa nayo ni hivyo hivyo. Nani aliyenitengeneza nitaulizwa baadaye, kwanza nitaulizwa nilitenda nini.

Masika umeniliza. Mimi pia ni wa tarehe 1 Januari.

Trei_Mkononi

Wanajukwaa, samahani nimekawia. Nilipata siku nne, nikaenda Pemba. Kulikuwa na khitma ya baba.

Sikupanga kuyaleta haya humu, lakini swali lilikuwa langu, naona deni.

Watu walikuwa wengi, wanaume wamekaa ukumbini na kwenye majamvi mpaka nje. Wali ulipokuwa tayari nikachukua birika na beseni kwenda kuwanawisha wazee, kitambaa begani. Nikaanza na ami yangu, ndiye mkubwa. Nikainama, mkono wa kushoto beseni, wa kulia birika, maji yakashuka uzi mmoja bila tone nje, na alipotikisa vidole nikalinyanyua birika kwa kile kijizungusho cha kukata maji, kile ninachofanyia kahawa. Ami akaniangalia. "Eh, hoteli hiyo!" Wote wakacheka. Nikaona haya, nikasema moyoni, basi Ben kanifuata mpaka kwenye khitma ya baba.

Jioni vyombo vimeshaoshwa nikamsimulia mama, kama kichekesho. Hakucheka. Akasema, "Hoteli gani? Mkono huo nimekufundisha mie. Ulikuwa na miaka 7, ukamwagia mgeni wa baba yako maji kwenye kanzu, nikakuweka uani na birika tupu wiki nzima unainama unainuka mpaka nikaridhika." Nilikuwa nimesahau kabisa. Alipotaja lile birika nikalikumbuka, bluu, limebanduka rangi mdomoni, na wadogo zangu wamekaa mstari wameinyosha mikono ninawanawisha hewa.

Kwenye hoteli nilipoanza walinipa mafunzo ya siku 14, na mkufunzi siku ya pili tu akasema huyu ana kipaji. Kumbe hakikuwa kipaji. Mama mdogo wangu mmoja alikuwa akipita uani siku zile ananiita "boi". Yaani mchezo niliukuta nyumbani, hoteli wameuongezea trei. BintiMasika, nilikukumbuka hapo nikakasirika kidogo, maana ulikuwa umeshasema.

Mwalimu, na lile lako nililifanya. Usiku ule ule nikamwambia: mama, ami anasema unataka nirudi, mie nina mkataba mpaka Disemba, baada ya hapo naweza kusaini tena au nisisaini, waonaje? Nilitumia neno hilo hilo. Akanitazama kama nimeuliza jua linachomoza wapi.

"Nani kakwambia nataka urudi?"

"Ami."

"Ami yako anataka mtu wa kumpandia mikarafuu, miguu yake imekwisha. Aseme hivyo." Akakunja jamvi. "Mie sijasema urudi wala usirudi. Ukirudi chumba kipo. Usiporudi, tuma, na upige simu Ijumaa, siyo ile ya haraka haraka unayopiga trei mkononi."

Nimekaa nalo hilo siku tatu. Mwaka mzima nimekuwa nikiukimbia mzigo wa mama uliokuwa haupo, nikijificha nyuma ya mkataba. Nilitaraji nikisikia hivyo nitapumua. Sikupumua. Zamani nilikuwa na mama wa kumsingizia upande mmoja na meneja upande wa pili, nimekaa katikati kama mtu aliyefungwa. Sasa wote wawili wameondoka. Boti inatoka Mkoani, nimesimama kwenye reli natazama maji, tumbo limepanda kooni na bahari ilikuwa shwari.

Leo saa kumi na moja alfajiri nilikuwa na reki kama kawaida. Maji yalikuwa yamekupwa, mwani umejaa mpaka kwenye viti. Nilibaki kitandani dakika kumi zaidi, makusudi, nione. Supavaiza alinuna. Beji bado ni Ben, ile "kh" nitaizungumza mwisho wa mwezi akiwa na furaha.

Disemba sijui bado. Mwenye swali aulize, nina shifti ya jioni.

Dago_Kojani

Kusi limepungua, kesho kutwa tunarudi Kojani inshallah. Allah amrehemu mzee.

Bakshishi.

Trei_Mkononi

Amin. Yuro 5, na kalamu.